Unga wa maharage wa nyumbani: dalili, chanzo na dawa yake

Mtu akilalamika kwamba keki yake ya unga wa maharage imebonyea, au mandazi yake yananuka maharage mabichi, ushauri wa haraka anaopewa ni kupunguza unga huo au kuongeza beking pauda. Mara nyingine inasaidia. Ila kasoro nyingi zinazojitokeza kwenye oveni zilishaingia siku kadhaa nyuma, maharage yalipokuwa kwenye ungo, kwenye sufuria au juani. Ndiyo maana hapa tunaanza na dalili iliyoko mezani, kisha tunarudi kinyumenyume mpaka tulipoharibu.

Kabla hujaenda mbali, jiulize unga wako ni wa aina gani. Kuna unga mbichi, yaani punje zimechaguliwa na kusagwa zikiwa kavu hivyohivyo. Kuna wa kukaanga, punje zimepitishwa kwanza kwenye kikaango kikavu. Na kuna wa kupikwa: punje zimelowekwa, zimechemshwa zikaiva, zikaanikwa mpaka zikakauka, ndipo zikasagwa. Unga mbichi unashika na unaumuka vizuri ukipigwa na maji. Wa kukaanga una harufu nzuri lakini chakula chake hukauka upesi. Wa kupikwa unakunywa maji mengi na haushiki, ila kwa maharage yenyewe ndio salama. Mapishi mengi hayakwambii yanataka upi, na mtu akibadilisha mmoja kwa mwingine bila kujua, hata vipimo vikiwa sawasawa chakula kitakataa.

Watu wamekula, saa chache baadaye wanatapika

Hii inatangulia kwa sababu nyingine karibu zote hasara yake ni unga na mayai tu. Maharage ya kawaida, na mekundu ndiyo yanaongoza, yana protini iitwayo lektini inayochokoza utumbo. Dalili huanza ndani ya saa moja hadi tatu: kichefuchefu, kutapika, kisha kuhara. Lawama hutupiwa mayai au mafuta, na unga unarudishwa kabatini ukisubiri wageni wengine.

Mwaka 2006 huko Japani, kipindi kimoja cha televisheni kiliwafundisha watazamaji njia ya kupunguza uzito: kaanga maharage meupe kwa dakika tatu hivi, yasage, nyunyiza unga wake kwenye wali. Mamia ya watu waliugua, wengine wakalazwa hospitali. Na maharage meupe yana lektini pungufu kuliko mekundu.

Tatizo lilikuwa moto mkavu wa muda mfupi. Lektini inavunjwa vizuri na joto lenye maji. Loweka maharage saa tano au zaidi, usiku kucha ukiweza, mwaga yale maji, tia mengine, kisha chemsha yakitokota kwelikweli kwa nusu saa au zaidi mpaka yaive. Moto wa chinichini, ule ambao maji yana moto lakini hayatokoti, ni mbaya maana unaweza kuyaacha na makali kuliko hata yalivyokuwa mabichi. Wanaotumia kikapu cha kupikia, kile cha kuivishia chakula kwa joto lake chenyewe bila moto, wayatokoteshe kwanza jikoni ndipo wayafunike kikapuni.

Swali linalofuata huwa ni: si keki inaiva kwenye oveni? Inaiva, lakini katikati yake joto hukaribia nyuzi 100 katika dakika za mwishomwisho tu, na maji yenyewe ni machache. Chapati ndiyo kabisa, haikai kwenye kikaango hata dakika tano. Kwa hiyo kwa maharage ya aina yoyote, yawe mekundu, ya njano, meupe au ya madoadoa, tumia unga wa kupikwa. Soya nayo ichemshwe kabla ya kuanikwa na kusagwa, maana ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini. Dengu, choroko (Kenya wanaziita ndengu) na kunde ni wapole zaidi. Hizo unaweza kuzisaga bila kuzipika, mradi chakula chenyewe kiive mpaka ndani. Rojo bichi usilionje hata la hizo. Chumvi ionje kwa kukaanga kijiko kimoja kwanza.

Kama tayari umesaga maharage mabichi kilo mbili, usitupe. Koroga kidogokidogo kwenye mchuzi au supu, utokoteshe nusu saa huku ukikoroga usishike chini. Utakuwa umepata supu nzito. Keki tengeneza kwa unga mwingine. Na aliyekwisha kuugua anywe maji ya chumvichumvi (ORS) ya kuongeza maji mwilini. Akiwa mtoto, mzee au mjamzito, au kutapika kukiwa hakukatiki, apelekwe kituo cha afya.

Harufu ya maharage mabichi

Wengi hukata tamaa hapa, na ni jambo linalorekebishika kuliko wanavyodhani. Ndani ya punje kuna kimeng'enya kinachosubiri vitu vitatu: punje ipasuke, ipate unyevu, ipate hewa. Vikikutana, mafuta kidogo yaliyomo kwenye punje yanageuka na kutoa ile harufu ya majani mabichi. Joto likiwahi kabla ya vitu hivyo kukutana, kimeng'enya kinakufa na harufu haizaliwi kabisa. Ndiyo maana unga wa maharage yaliyoiva vizuri haunuki sana, na wa choroko mbichi ukiuchanganya na maji na kuuacha robo saa unanuka nyumba nzima.

Kwa dengu na choroko, dawa ni kukaanga kabla ya kusaga. Tumia kikaango kipana na kizito, moto wa wastani, punje zisizidi tabaka moja, na mwiko usipumzike. Fuata pua kuliko saa. Mwanzo utasikia harufu ya majani, kisha unyevu unatoka na punje zinaanza kulia-lia kwa kupasuka maganda, kisha harufu inageuka ghafla kuwa ya karanga. Hapo epua, mimina kwenye sinia baridi. Ukiziacha kwenye kikaango kilekile hata kama umezima moto, zinaendelea kuungua chini, na uchungu utakaopatikana hautoki tena.

Unga ulioshasagwa nao unaweza kuokolewa. Utandaze kwenye trei wembamba wa kidole, oveni iwe ya moto mdogo, ugeuze kila baada ya dakika tano mpaka harufu ibadilike. Kwenye kikaango inawezekana, ila inahitaji mkono mwepesi.

Kama unga ni wa kupikwa na bado unanuka, chanzo kinaweza kuwa kingine. Harufu ya uchachu ina maana maharage yalichukua muda mrefu mno kukauka, yakaanza kuchacha juani. Hilo halirekebishiki kwa kukaanga. Siku za mawingu usianike maharage yaliyopikwa. Ngoja, au tumia oveni.

Kuhusu viungo: iliki inafanya kazi nzuri, tangawizi na mdalasini vinafuata, kakao inaficha karibu kila kitu. Vanila peke yake ni kupoteza hela. Tui la nazi badala ya maji au maziwa linatuliza ladha kuliko ninavyoweza kueleza. Mandazi ya tui yenye unga wa choroko kiasi hayasemi kabisa kwamba yana choroko.

Uchungu, ladha ya sabuni, rangi ya ajabu

Uchungu ukiwa si wa kuungua, tazama punje zako. Maharage yaliyobunguliwa, yale yenye vitundu vya duara, yana wadudu na vinyesi vyao ndani, na mashine haichagui. Pepeta, chagua kwenye ungo mahali penye mwanga, tupa yenye matundu, yaliyokunjamana na yenye ukungu. Ya ukungu usijaribu kuyaosha na kuyatumia, sumukuvu haiondoki kwa kuosha wala kwa kuoka.

Ladha ya sabuni ni magadi, ama uliyotia kwenye sufuria maharage yaive upesi, ama yaliyozidi kwenye keki. Magadi hayohayo hubadilisha rangi: keki ya maharage mekundu au meusi ikizidiwa na magadi inatoka na ukijivu wenye ukijani. Tia maziwa ya mgando au kijiko cha maji ya limau kwenye rojo, na punguza magadi, rangi inarudi kwenye wekundu. Usipotaka mambo hayo, tumia maharage ya njano au meupe.

Unga una chenga, keki inasagika mdomoni kama mchanga

Sababu ya kwanza ni punje ambazo hazikukauka. Kwa nje maharage yaliyopikwa na kuanikwa yanaonekana makavu siku ya kwanza tu, ila ndani kuna unyevu. Ukiyasaga hayapasuki, yanabonyea na kujisokota kuwa vichenga laini ambavyo baadaye vinakauka na kuwa vigumu. Chukua punje tatu nne, ng'ata. Zikivunjika kwa mlio, tayari. Zikikubali meno kimyakimya, zirudishe juani. Yapasue maharage kwa mkono baada ya kuiva, yatandaze tabaka moja juu ya kichanja, funika kwa chandarua, na jioni yaingize ndani yasinywe umande. Jua likiwa kali siku mbili hivi zinatosha. Kwenye oveni, moto wa nyuzi 70 hivi na mlango ukiwa wazi kidogo mvuke utoke.

Sababu ya pili ni maharage ya zamani. Yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu kwa misimu yanakuwa na kiini kisichoiva hata uchemshe mchana kutwa, na kiini hicho ndicho chenga yako. Kabla ya kuepua, minya punje kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikibaki sehemu ngumu katikati, endelea kupika au ukubali kwamba maharage hayo ni ya kula na ugali.

Tatu ni kusaga kwenyewe. Blenda ya nyumbani ijazwe robo tu, ichezeshwe kwa vipindi vifupi, ipumzishwe. Kisha chekecha kwa chekecheo la matundu madogo, yanayobaki juu yarudishe kwenye blenda. Mashine ya mtaani inasaga laini zaidi, lakini ina mambo yake mawili. Kilo ya kwanza kutoka mdomoni mwa mashine huwa imechanganyika na mahindi ya aliyetangulia, na kama nyumbani kuna mtu asiyetakiwa kula ngano, mashine inayosaga ngano isiguse unga wake. La pili, unga unatoka wa moto. Ukiufunga kwenye mfuko ukiwa vile, mvuke unageuka maji ndani na kesho una madonge, kesho kutwa ukungu. Utandaze upoe kwanza.

Mkate haupandi, keki inabonyea katikati

Ngano ina gluteni, ule unato unaovutika na kufunga hewa ya hamira ndani. Maharage hayana. Kila kijiko cha unga wa maharage unachoongeza kinapunguza utando huo, hewa inatafuta pa kutokea. Kwa mkate wa hamira mimi sizidishi sehemu moja ya unga wa maharage kwa sita za ngano. Ukitaka zaidi ya hapo, kubali mkate mzito. Keki inavumilia robo, maana mayai yanasaidia kushika. Biskuti zinavumilia theluthi, hata nusu.

Keki ikipanda vizuri kisha ikashuka, angalia maji na muda. Unga wa maharage unakunywa maji polepole. Ukichanganya tu, rojo linaonekana jepesi. Nusu saa baadaye limekuwa zito. Mtu asiyejua hilo anaongeza unga mwanzoni, keki inatoka kavu. Anayejua nusu anaongeza maji mengi, keki inabaki mbichi katikati na kubonyea. Njia nzuri ni kuchanganya unga wa maharage na vitu vyote vya majimaji kwanza, uache dakika ishirini, ndipo uingize ngano na beking pauda mwishoni kabisa. Kwa kila kikombe cha unga wa kupikwa, anza na vijiko viwili vya chakula vya maziwa au maji zaidi ya mapishi yako ya kawaida, kisha ujirekebishe. Beking pauda ikilowa ikakaa nusu saa nguvu inakuwa imepungua, kwa hiyo mpangilio huo usiupindue.

Nje imeungua, ndani bado

Maharage yana protini nyingi na sukari zake, na viwili hivyo vikikutana kwenye moto hubadilika rangi haraka kuliko ngano tupu. Rangi ya kahawia kwa hiyo si ushahidi wa kuiva. Kama keki yako huwa unaioka nyuzi 180, hii ioke 165 hivi kwa muda mrefu kidogo, na ikianza kuiva juu ifunike na karatasi ya alumini. Anayeoka kwa jiko la mkaa, sufuria ndani ya sufuria yenye mchanga, apunguze makaa ya juu ya mfuniko kwanza, ya chini ayaache. Kijiti kikiingia katikati kitoke kikavu.

Chapati zinakatika, mandazi yanakunywa mafuta

Chapati inayopasuka kingo wakati wa kusukuma inadai mapumziko. Tia maji ya moto badala ya baridi, kanda, funika nusu saa. Robo ya unga wa dengu kwa robo tatu za ngano inasukumika bila shida. Ukiweka nusu kwa nusu, ongeza mafuta kwenye donge na usitarajie tabaka.

Mandazi yakinywa mafuta, chanzo ni donge lenye nyufa au mafuta yasiyopata moto. Chovya ncha ya kijiti cha mbao: mapovu madogo yakizunguka kwa kasi, anza. Yasipotoka, ngoja.

Bagia zimekuwa ngumu

Hapa wengi wanatumia unga wa kupikwa, na hautakubali hata ubembelezwe, maana protini yake imeshaiva na haifungi hewa tena. Bagia zinataka unga mbichi wa dengu, au kunde zilizolowekwa, zikamenywa maganda na kusagwa palepale bila maji mengi. Kisha kinachobaki ni mkono. Piga rojo kwa kuliinua kutoka chini, muda wa kutosha, mpaka lipauke rangi na kuwa jepesi mkononi. Dondosha tone kwenye bilauri ya maji. Likizama, endelea kupiga. Likielea, tia kitunguu, pilipili na kotimiri, na chumvi mwisho ili kitunguu kisitoe maji, uanze kukaanga mara moja.

Gesi tumboni

Hii si sumu, ni sukari fulani za maharage ambazo tumbo haliwezi kuzisaga mpaka zifike kwa bakteria wa chini. Sehemu yake inatoka na maji ya kulowekea na ya kwanza ya kuchemshia, kwa hiyo yamwage. Kuotesha choroko siku moja au mbili kabla ya kuzikausha pia kunazipunguza. Mlaji asiyezoea aanze na kidogo.

Unga umeharibika kabatini

Wadudu wanaoonekana kwenye unga wiki chache baada ya kusaga mara nyingi walitoka na punje zenyewe, zikiwa na mayai yasiyoonekana. Anayemiliki friza aziweke punje kavu humo siku nne kabla ya kuzisaga, zikiwa zimefungwa vizuri, na akizitoa aziache zirudie joto la chumba kabla ya kufungua zisivute maji. Chombo kiwe cha kufunga kwa nguvu, kikavu, mbali na jiko.

Unga wa maharage, ukiwa mkavu, unavumilia miezi kadhaa kwa sababu mafuta yake ni kidogo sana. Dengu ina mafuta zaidi. Soya ndiyo yenye haraka, karibu sehemu moja ya tano ya punje ni mafuta, na yakigeuka utayasikia kwa harufu ya rangi ya kupakia ukuta na ukali nyuma ya koo. Unga wa soya usage wa wiki mbili tatu tu, na unaozidi uweke kwenye friza.